Maswali ya wasomaji: kilichounganishwa katika kambi ya wanamaji ya Kitsap

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nafundisha Jiografia katika shule moja ya upili huku Kasarani. Tulipokuwa tukisoma juu ya bandari nilitaja kambi ya wanamaji ya Kitsap nchini Marekani, ambayo inasemekana iliundwa kwa kuunganisha kambi zilizokuwapo zamani. Mwanafunzi mmoja alitazama ramani akaona kwamba sehemu za kambi hiyo zimetenganishwa na miji, misitu na mikono ya bahari, akauliza: basi kilichounganishwa ni nini? Sikuwa na jibu la kumtosheleza. – Mwalimu, Kasarani

JIBU: Mwalimu, tafadhali mpongeze mwanafunzi huyo, kwa sababu ameuliza swali ambalo maelezo mengi kuhusu kambi hii hayaligusi. Kilichounganishwa ni usimamizi. Ardhi, magati, maghala na karakana vilibaki palepale vilipokuwa, na vingelazimika kubaki hapo hata kama wakubwa wangetamani kuvisogeza.

Kitsap ni rasi katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ng'ambo ya maji ukitazama kutoka mji wa Seattle. Kusini mwa rasi hiyo uko mji wa Bremerton, ambako serikali ilianzisha kituo cha wanamaji mwaka 1891 ili manowari zake za Pasifiki zipate mahali pa kutengenezwa. Gudi la kwanza, yaani bwawa la kuta imara ambamo meli huingizwa kisha maji yakatolewa yote, lilikamilika mwaka 1896. Upande wa magharibi wa rasi, karibu kilomita 20 kutoka Bremerton, iko Bangor, ambayo ilianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kama bohari ya silaha zilizokuwa zikipakiwa melini kwenda Pasifiki, na mwaka 1977 ikafunguliwa rasmi kuwa kambi ya nyambizi za makombora ya nyuklia yaitwayo Trident. Kaskazini mwa Bremerton kuna Keyport, ambako topido, yaani makombora yanayosafiri chini ya maji, zimekuwa zikijaribiwa na kutengenezwa tangu mwaka 1914. Ongeza hapo bohari ya mafuta ya Manchester, ambayo ni mojawapo ya bohari kubwa zaidi za mafuta za jeshi la Marekani, pamoja na hospitali ya wanamaji na mitaa ya nyumba za familia.

Kwa miaka mingi Bremerton na Bangor zilikuwa kambi mbili, kila moja na kamanda wake, ofisi yake ya ardhi, kikosi chake cha zimamoto, walinzi wake wa lango na bajeti yake ya kufagia barabara. Mwaka 2003 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliunda kamandi moja ya kusimamia vituo vyake vyote vya nchi kavu, kwa sababu lilikuwa limechoka kuona fedha za meli zikimezwa na majengo ambayo kila mkubwa aliyaendesha kwa namna yake. Mwezi Juni mwaka 2004 kambi hizo mbili zikawekwa chini ya kamanda mmoja na jina moja.

Msomaji aliyepanga nyumba Nairobi hatapata taabu kuuelewa mpango huu. Mwenye nyumba anashughulikia maji, umeme wa ngazi, mlinzi wa geti na uzoaji wa taka, lakini hana neno juu ya kazi anayofanya mpangaji wa ghorofa ya tatu. Kamanda wa Kitsap yuko katika nafasi hiyo. Hatoi amri kwa nyambizi, na karakana kubwa ya Bremerton, yenye wafanyakazi wa kiraia wapatao 14,000, inapokea maagizo yake kutoka kamandi nyingine inayoshughulika na ujenzi na utengenezaji wa meli. Wote hao ni wapangaji wake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba gati halibomoki, umeme haukatiki, na moto ukizuka gari la zimamoto linafika kwa wakati. Ni kazi isiyoonekana kwenye picha za magwaride, na mimi naamini hiyo ndiyo inayoamua kama meli itatoka bandarini siku iliyopangwa au haitatoka.

Sasa, kwa nini vitu hivi visiletwe mahali pamoja? Sababu kubwa kuliko zote ni baruti. Kombora moja la Trident II lina urefu wa zaidi ya mita 13 na uzito unaokaribia tani 59, na sehemu kubwa ya uzito huo ni mafuta makavu yanayoweza kulipuka. Sheria za usalama wa silaha zinataka nafasi kubwa iachwe wazi kati ya mahali panaposhughulikiwa makombora na mahali panapoishi watu, na ndiyo maana Bangor ina ekari zinazokaribia 7,000, zaidi ya mara mbili ya Msitu wa Karura, nyingi zikiwa ni miti tu. Anayetazama kutoka juu anaweza kudhani ardhi hiyo imekaa bure, lakini umbali wenyewe ni kinga, na hauwezi kupatikana Bremerton, ambako ukuta wa karakana unapakana na maduka na nyumba za raia. Gati la kupakia makombora nalo limetengwa na magati mengine na kuezekwa, ili nyambizi iingie chini ya paa kabla ya vifuniko vyake kufunguliwa.

Sababu nyingine ni maji. Hood Canal, mkono wa bahari ulio mbele ya Bangor, ulichimbwa na barafu za kale. Ni mrefu, mwembamba na wenye kina. Nyambizi ya aina ya Ohio, ambayo ndiyo inayobeba makombora hayo, ina urefu wa mita 170 na ikizama ina uzito wa zaidi ya tani 18,000, kwa hiyo inahitaji kina kikubwa tangu gatini. Njiani kuelekea bahari kuu iko daraja linaloelea, lililofunguliwa mwaka 1961, ambalo sehemu yake ya kati huvutwa kando ili nyambizi ipite huku magari yakisubiri. Wasomaji waliovuka kwa miguu kwenye daraja la kuelea la Liwatoni kule Mombasa, lililoanza kutumika mwaka 2021, wanaujua utaratibu huo wa kufungua njia kwa ajili ya chombo. Daraja la Hood Canal lilipata mkasa mkubwa tarehe 13 Februari 1979, pale dhoruba ilipozamisha nusu yake ya magharibi, na kwa zaidi ya miaka mitatu wakazi wakalazimika kuzunguka mbali au kutegemea feri.

Jambo moja zaidi, Mwalimu, ambalo wanafunzi wako watalipenda. Kila nyambizi ya makombora ina makundi mawili kamili ya mabaharia, moja likiitwa la Buluu na jingine la Dhahabu. Chombo hukaa baharini kwa wastani wa siku 77, kisha hurudi gatini siku zipatazo 35 kwa matengenezo, na kundi lililokuwa nchi kavu ndilo linaloondoka nacho. Wakati wa kungoja zamu yao, mabaharia hao wanafanya mazoezi katika chuo kilicho ndani ya Bangor, chenye vyumba vilivyoundwa kama matumbo ya nyambizi, ambamo hufundishwa kupambana na moto, kuziba maji yanayoingia kwa nguvu na kuendesha usukani. Nyambizi nane kati ya 14 za aina hiyo zina makao yake hapo. Sita zilizosalia ziko Kings Bay, jimbo la Georgia, upande wa Atlantiki. Bila chuo hicho, bila karakana na bila ghala la vipuri lililopangwa kwa ajili ya siku hizo 35, utaratibu wa makundi mawili usingedumu hata mwaka mmoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa injini za malori hapa Kariobangi. Lori likiharibika tunaliinua kwa jeki. Meli ya kubeba ndege inainuliwaje? Na injini ya nyuklia ikizeeka inatupwa wapi? – Fundi, Kariobangi

JIBU: Ndugu Fundi, meli haiinuliwi. Maji ndiyo yanayoondolewa chini yake. Gudi nambari 6 la Bremerton, lililokamilika mwaka 1962, ndilo pekee katika pwani yote ya magharibi ya Marekani linaloweza kupokea meli za kubeba ndege za aina ya Nimitz, ambazo urefu wake ni mita 333. Kabla meli haijaingia, mafundi hupanga vitalu vya mbao na zege sakafuni kulingana na mchoro wa tumbo la meli hiyo, kwa sababu kitalu kikikaa vibaya kinaweza kupinda bamba la chuma. Gudi hujazwa maji hadi yalingane na ya nje, lango huondolewa, meli huvutwa ndani polepole kwa kamba na mashua za kukokota, kisha lango hurudishwa na pampu kuanza kazi. Meli inaposhuka kuelekea kwenye vitalu, wazamiaji hukagua kama imekaa sawasawa. Kosa la sentimita chache hapo si dogo.

Tatizo ambalo wewe hulioni kwenye lori ni hili: ukizima injini ya dizeli inapoa, lakini kinu cha nyuklia huendelea kutoa joto hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo meli iliyo gudini lazima iendelee kupata umeme na maji ya kupoza, usiku na mchana. Ndiyo sababu gudi la namna hiyo huzungukwa na mitambo ya umeme, mabomba na jenereta za dharura.

Iko pia karakana ya aina nyingine kule Bangor ambayo naamini itakupendeza. Chuma cha nyambizi hujipatia sumaku taratibu kinaposafiri ndani ya uga wa sumaku wa dunia, na mabomu ya kutegwa baharini yapo yanayolipuka yakihisi sumaku hiyo. Nyambizi huingizwa katika kituo maalumu, ikazungushiwa nyaya nene na kupitishiwa umeme mwingi ili sumaku ipunguzwe kabla ya safari.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Bremerton ndipo nyambizi za nyuklia za Marekani huvunjwavunjwa zikishastaafu. Kwanza mafuta ya nyuklia hutolewa na kupelekwa jimbo la Idaho. Baada ya hapo kipande cha chombo chenye kinu hukatwa chote, kikazibwa kwa chuma pande zote mbili, kikapakiwa kwenye tishari. Tishari hilo hutoka hadi bahari ya Pasifiki, huteremka kusini, hupanda mto Columbia hadi ndani kabisa ya jimbo la Washington, kisha kipande hubebwa na gari lenye magurudumu mengi hadi Hanford, eneo la serikali la kuhifadhia taka za nyuklia, ambako huwekwa katika shimo kubwa lililotengwa kwa kazi hiyo. Zaidi ya vipande 100 vimepelekwa huko tangu miaka ya 1980. Chuma kilichobaki huuzwa kama chuma chakavu. Nchi inayotaka nyambizi za nyuklia inapaswa kuwa na jibu la swali lako kabla haijaunda hata moja, na si nchi nyingi zilizokuwa nalo.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nimezaliwa na kukulia Likoni, sasa naishi Lang'ata. Watu wanaokaa jirani na kambi kubwa kama hiyo wanafaidi au wanaumia? – Mama, Lang'ata

JIBU: Marahaba, Mama. Wanafaidi na wanaumia, na mara nyingi ni watu walewale. Bremerton ni mji uliokua ukiifuata karakana. Baba alifanya kazi humo ya kuunga vyuma, mtoto akaingia kama mwanagenzi, na duka la jirani likaishi kwa mishahara yao. Lakini ardhi na maji ya huko yana wenyewe wa tangu zamani. Kwa mkataba wa mwaka 1855 kabila la Suquamish lilikabidhi ardhi yake kwa serikali ya Marekani, likabakiwa na haki ya kuvua samaki katika maeneo yake ya asili, na maeneo hayo leo yanapakana na magati ya manowari. Mwaka 2017 wanamaji walikwangua tumbo la meli iliyostaafu, USS Independence, ikiwa ndani ya maji, ili ivutwe hadi Texas kuvunjwa. Rangi yenye shaba ikadondoka baharini. Kabila hilo pamoja na mashirika ya mazingira walikwenda mahakamani, na kesi ikaisha mwaka 2020 kwa makubaliano kwamba kwa miaka 10 meli zilizostaafu hazitakwanguliwa tena ndani ya maji. Naliona jambo hilo kuwa la haki, na linafaa kujulikana na wavuvi wa kwetu, kwamba kabila lenye haki za mkataba wa zaidi ya miaka 160 liliweza kusimama mbele ya jeshi kubwa namna hiyo na kusikilizwa.

Wapo pia wanaopinga silaha zenyewe. Tangu mwaka 1977 kikundi cha wapenda amani kimekuwa na kipande cha ardhi kinachopakana na uzio wa Bangor, na wengi wao wamewahi kukamatwa langoni. Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Seattle wakati huo, Raymond Hunthausen, aliungana nao na hata akagoma kulipa nusu ya kodi yake ya mapato kama njia ya kupinga.

Na kuna hatari isiyoletwa na mtu. Eneo hilo lote hupatwa na matetemeko ya ardhi. Mwezi Januari mwaka 2023 wanamaji walisimamisha kazi za nyambizi katika magudi matatu ya Bremerton na moja la Bangor, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba yangeweza kuharibika katika tetemeko kubwa, kisha kazi ya kuyaimarisha ikaanza mara moja. Hapo ndipo madhara ya kukusanya kila kitu katika eneo moja yanapojitokeza: magudi manne yakisita kwa siku moja, hakuna mengine ya kukimbilia karibu.

SWALI: Ndugu Mhariri, je, Mtongwe inaweza kuwa kama Kitsap? Tunayo Kilindini, na wazee husema hakuna bandari ya asili kama hiyo katika pwani yetu. – Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Nairobi

JIBU: Ndugu Mwanafunzi, wazee wanasema kweli kuhusu maji, lakini maji ni mwanzo tu. Tazama mwaka 1942. Baada ya Wajapani kushambulia bandari za Colombo na Trincomalee, katika Sri Lanka ya leo, mwezi wa Aprili, kundi la manowari za Uingereza la Mashariki, chini ya Admirali James Somerville, lilirudi nyuma hadi Kilindini. Hata wataalamu wake wa kufumbua ujumbe wa siri wa adui walihamia Mombasa na kufanyia kazi katika shule ya Allidina Visram. Nafasi ya kutia nanga ilikuwepo, kina kilikuwepo, na adui alikuwa mbali. Lakini gudi la kupokea manowari kubwa halikuwepo, na chombo kilichohitaji matengenezo makubwa kilibidi kitafute bandari nyingine. Katika kipindi hichohicho Bremerton ilikuwa ikizipokea, moja baada ya nyingine, manowari tano kubwa za Marekani zilizopigwa na Wajapani Pearl Harbor, Hawaii, ikazirudisha vitani. Bandari hizo mbili zilitofautiana kwa karakana, si kwa maji.

Jeshi letu la Wanamaji lilizinduliwa mwezi Desemba 1964, na makao yake makuu yako Mtongwe, kukiwa na kituo kingine Manda, kaunti ya Lamu. Mipaka tunayoilinda na meli tulizo nazo hazidai kambi ya ukubwa wa Kitsap, wala sioni sababu ya kuitamani. Kinachotuhusu ni swali la nani anazitengeneza meli hizo. KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizoundwa Uingereza katika miaka ya 1980, zilipelekwa hadi Italia kukarabatiwa, zikarejea nyumbani mwaka 2011. Kila safari ya namna hiyo ina gharama mbili: fedha zinazolipwa ng'ambo, na ujuzi ambao fundi wa Mombasa hakuupata kwa kuwa kazi haikufanyika mbele yake. Kwa hiyo mimi nilifurahi mwaka 2021 ilipozinduliwa Mtongwe chelezo, yaani njia ya mteremko ya kupandishia meli nchi kavu, chini ya Kenya Shipyards Limited, kampuni ya serikali ambayo pia inaunda meli Kisumu. Chelezo hicho kinaweza kupandisha meli ya hadi tani 4,000, na kwa kipimo hicho meli za doria zetu zote zinatosha kuingia.

Ukitaka kuchukua kitu kutoka Kitsap, acha nyambizi na chukua mpangilio wa mafunzo. Karakana ya Bremerton ina mpango wa uanagenzi wa miaka minne, ambapo kijana analipwa mshahara huku akisoma darasani na kufanya kazi kwenye meli halisi. Vyuo vyetu vya ufundi vina waunga vyuma na mafundi umeme wengi wanaomaliza masomo bila kugusa meli hata moja. Kuwapa nafasi Mtongwe na Kisumu hakuhitaji kina cha maji wala ekari 7,000.

SWALI: Je, raia anaruhusiwa kuiona kambi hiyo? – Msafiri, South B

JIBU: Ndani ya uzio haruhusiwi bila kibali. Lakini Keyport kuna makumbusho ya vyombo vya chini ya maji, nje ya lango la kambi, ambayo kiingilio chake ni bure, na ndani yake utaona topido za vizazi mbalimbali na vyombo vya kuzamia kina kirefu. Mjini Bremerton liko jumba la makumbusho ya wanamaji karibu na kituo cha feri, na gatini imefungwa USS Turner Joy, manowari ya zamani ambayo wageni hupanda na kutembea ndani yake. Feri ya kutoka Seattle huchukua muda wa saa moja hivi. Ukiwa unakaribia Bremerton simama upande wa kushoto, kwa maana huko ndiko iliko karakana, na meli za kubeba ndege zikiwepo utaziona bila kulipa kitu zaidi ya nauli.